Kuzalisha nyanya inayowahi kuchanua na kuiva: mwongozo kamili, kutoka ua la kwanza hadi mbegu iliyotulia

Nyanya ikiwahi kuiva kwa wiki mbili, mambo mengi hubadilika shambani. Mvua ikikatika mapema, matunda yamekwisha kujaa. Ugonjwa wa bakajani chelewa ukivamia wakati wa unyevunyevu, sehemu kubwa ya mavuno imeshaingia kwenye matenga. Mahali penye majira mafupi ya joto, wiki hizo mbili ndizo zinazoamua kama tunda litaiva au litabaki kijani mpaka baridi iliue.

Wengi huzitafuta wiki hizo kwenye mbolea, kwenye maji na kwenye miche iliyokuzwa ndani ya nyumba ya kioo. Vyote hivyo vinasaidia, lakini kwa msimu huohuo tu. Mwongozo huu ni wa njia nyingine: kutengeneza aina yako ya nyanya ambayo uharaka wake umo ndani ya mbegu, ukaupata kila unaposia. Vifaa vyake ni vichache. Unahitaji kibano chenye ncha nyembamba, uzi, lebo, penseli na daftari. Muda ndio unaohitajika kwa wingi, kwa sababu kutoka kwenye uchavushaji wa kwanza hadi mbegu iliyotulia, yaani inayozaa mimea inayofanana, kuna vizazi sita au saba.

Nimechagua nyanya kwa makusudi. Hujichavusha yenyewe, ua lake linashikika kwa vidole, na tunda moja linaweza kukupa mbegu makumi kadhaa hadi zaidi ya mia. Ukiielewa kazi hii kwenye nyanya, utaiweza pia kwenye pilipili, maharage na mimea mingine mingi inayojichavusha.

KUWAHI NI JUMLA YA VIPANDE

Watu husema "aina hii inawahi" kana kwamba uharaka ni kitu kimoja. Sivyo. Kuna vipande vinne, na kila kimoja kinaongozwa na jeni tofauti.

Kipande cha kwanza ni kuota. Kwenye udongo wenye joto la nyuzi 20 hadi 30 za Selsiasi, mbegu nzima huota ndani ya siku 5 hadi 10. Hapa hakuna faida kubwa ya kutafuta.

Kipande cha pili ni safari ya kutoka kuota hadi ua la kwanza, na hapa pana utajiri. Mche wa nyanya hutoa kwanza majani kadhaa ndipo utoe kichala cha kwanza cha maua. Aina nyingi hutoa majani 7 hadi 11 kabla ya kichala hicho. Aina inayotoa majani machache zaidi huchanua mapema, maana kila jani linalotangulia ni siku mbili tatu zilizotumika. Hesabu ya majani ndiyo kipimo ninachokiamini kuliko vyote katika hatua za mwanzo. Haihitaji mashine, nayo haiyumbishwi na hali ya hewa kama tarehe ya kuchanua inavyoyumbishwa.

Kipande cha tatu ni kutoka ua hadi tunda jekundu. Kwa nyanya ya kawaida ni siku 40 hadi 60. Nyanya ndogondogo huiva upesi zaidi, na zile kubwa za kukatwa vipande huchelewa. Kumbuka jambo hili, kwa kuwa ndilo litakalokusumbua baadaye: anayechagua uharaka peke yake hujikuta, bila kukusudia, anachagua udogo wa tunda.

Kipande cha nne ni mfululizo wa vichala. Nyanya ndefu, zinazoendelea kurefuka msimu mzima, huweka majani matatu kati ya kichala kimoja na kinachofuata. Nyanya fupi huweka jani moja au mawili, kisha shina husimama. Matokeo yake ni kwamba matunda yote huiva kwa kukaribiana. Tofauti hiyo inatokana na jeni moja fichu (yaani isiyojionyesha mpaka mmea uirithi kutoka kwa wazazi wote wawili), iliyoonekana kwa mara ya kwanza Florida, Marekani, mwaka 1914, na ndiyo iliyowezesha nyanya za viwandani kuvunwa kwa mashine mara moja. Nyanya fupi haichanui mapema lazima, lakini humaliza mapema.

Lipo pia suala la urefu wa mchana. Nyanya za sasa kwa sehemu kubwa hazijali kama mchana ni mrefu au mfupi, tofauti na jamaa zake wa porini. Mwaka 2017 watafiti wa maabara ya Zachary Lippman katika Cold Spring Harbor, Marekani, walionyesha kwamba jeni iitwayo SP5G hufanya kazi ya breki ya kuchanua. Walipoizima kwa kuhariri jeni, nyanya zilichanua na kuiva mapema zaidi. Sisi hatutahariri chochote. Ila ni vizuri kujua kwamba breki za namna hii zipo kwenye nyanya, na kwamba tofauti za jeni zinazozilegeza tayari zimetawanyika katika aina mbalimbali duniani. Kazi ya mzalishaji ni kuzikusanya kwenye mmea mmoja.

HATUA YA KWANZA: CHAGUA WAZAZI WAWILI

Mzazi mmoja awe anawahi. Mwingine awe na yale yote unayoyataka mbali na kuwahi: ukubwa, ladha, kuvumilia magonjwa ya shambani kwako, ganda linalostahimili safari. Usichukue wazazi wawili wanaowahi wenye matunda madogo ukitumaini tunda kubwa litatokea. Halitatokea, kwa sababu jeni zake hazipo kwa yeyote kati yao.

Miongoni mwa aina zinazojulikana kwa kuwahi ni Stupice kutoka iliyokuwa Chekoslovakia, Glacier, Sub-Arctic Plenty, Siletz na Oregon Spring. Mbili za mwisho zilitoka Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, nazo zina sifa ya ziada: huweza kufunga tunda bila uchavushaji kamili, kwa hiyo usiku wa baridi unaoua chavua hauzizuii kuzaa. Tunda la namna hiyo huweza kuwa na mbegu chache au lisiwe nazo kabisa, jambo zuri mezani lakini gumu kwa anayetaka mbegu. Micro-Tom ya Chuo Kikuu cha Florida huchanua upesi sana na hukaa kwenye chungu kidogo, ila hubeba jeni za udumavu zitakazokulazimu kuzichuja vizazi kadhaa. Singemshauri anayeanza aitumie.

Mbegu chotara ya dukani inaweza kuwa mzazi pia. Ujue tu kwamba yenyewe tayari ni mchanganyiko, kwa hiyo watoto wake wataanza kutofautiana kizazi kimoja mapema zaidi. Kama aina unayoitumia inalindwa kwa haki za mzalishaji, mkataba wa UPOV wa mwaka 1961, ule wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, unaruhusu kuitumia kuzalisha aina mpya. Hataza ni jambo jingine, nayo yafaa kuangaliwa kabla ya kuanza.

Msimu mmoja kabla ya kuchavusha, panda wazazi wote wawili bega kwa bega kwenye udongo wako. Hesabu majani kabla ya kichala cha kwanza, andika tarehe ya ua la kwanza na ya tunda la kwanza lililoiva. Siku zinazoandikwa kwenye pakiti nyingi za mbegu huhesabiwa tangu kupandikiza, si tangu kusia. Ongeza wiki 5 hadi 8 za kitaluni ndipo upate umri wa kweli. Aina mbili zenye "siku 60" kwenye pakiti zinaweza kuachana sana ukizipanda pamoja.

HATUA YA PILI: CHAVUSHA KWA MKONO

Ukiweza, mama awe na sifa fichu inayoonekana kwenye mche. Iliyo bora ni jani la kiazi, yaani jani pana lenye kingo zisizokatikakatika, linalofanana na la kiazi mviringo. Jani la kawaida ni tawala dhidi yake, yaani hujionyesha hata likirithiwa kwa mzazi mmoja tu. Ukimchavusha mama mwenye jani la kiazi kwa chavua ya baba mwenye jani la kawaida, kila mche utakaotokea na jani la kawaida ni mseto wa kweli, na wenye jani la kiazi ulijichavusha kabla hujawahi. Utajua ndani ya wiki chache tu, pale kitaluni.

Ua la nyanya lina stameni (sehemu za kiume) zilizoungana kama bomba la manjano linaloizunguka pistili (sehemu ya kike). Chavua humwagika ndani ya bomba hilo, na ndiyo maana nyanya hujichavusha. Kwa hiyo ni lazima uliondoe bomba kabla halijafunguka. Chagua kitumba ambacho kitachanua baada ya siku moja au mbili: sepali (vijani vya kijani vinavyofunika kitumba) zimeanza kuachana, petali zimejitokeza na rangi yake ni ya kijani inayoelekea manjano, bado hazijakunjuka. Petali zikishakuwa za manjano kali na zimefunguka, umechelewa.

Fanya asubuhi. Shika kikonyo kwa mkono mmoja. Kwa kibano, pasua bomba la stameni upande mmoja karibu na kitako chake, kisha livute polepole litoke pamoja na petali. Pistili itabaki wazi: ovari ndogo ya kijani chini, uzi mwembamba katikati, na stigma juu. Usiiguse. Ukiikwaruza ovari, ua litaanguka. Kisha kata sepali mbili au tatu ziwe fupi. Alama hiyo haifutiki, na hata lebo ikipeperushwa na upepo utalitambua tunda lako kwa sepali zake zilizokatwa.

Chavua ichukue kwenye maua ya baba yaliyochanua kabisa. Weka kioo kidogo au kijiko cheusi chini ya ua, kisha utikise ua kwa mswaki wa umeme au kwa kuligonga kwa kidole. Vumbi jeupe-manjano litakaloanguka ndilo unalolihitaji. Likikauka vizuri na kufungwa kwenye kichupa chenye vidonge vya kufyonza unyevu, hukaa kwenye friji siku kadhaa hata wiki chache, kwa hiyo huna haja ya kulazimisha wazazi wachanue siku moja.

Gusisha stigma kwenye vumbi hilo, ifunikwe. Unaweza kuchavusha palepale baada ya kutoa bomba, kisha ukarudia kesho yake stigma inapokuwa imepevuka zaidi. Kurudia huko huongeza sana uwezekano wa kufaulu. Funika ua kwa kimfuko cha kitambaa chepesi, funga lebo yenye jina la mama kwanza, kisha la baba, kisha tarehe. Andika kwa penseli, kwani wino hufutwa na jua na mvua.

Joto lina kauli hapa. Usiku ukiwa kati ya nyuzi 15 na 20 maua hushika vizuri. Mchana ukipita nyuzi 35, au usiku ukishuka chini ya 13, chavua hudhoofika na maua mengi huanguka hata kama mkono wako haukukosea. Chavusha maua manne au matano kwenye vichala tofauti, na maua mengine ya vichala hivyo yaondoe ili nguvu iende kwenye yale uliyoyagusa. Ovari ikianza kuvimba baada ya wiki moja hivi, umefaulu.

HATUA YA TATU: KIZAZI CHA KWANZA

Mbegu utakazopata kwenye tunda hilo ni za kizazi cha kwanza, F1. Kama wazazi wote wawili walikuwa wametulia, miche yote ya F1 itafanana. Hakuna cha kuchagua hapa, kwa hiyo usipoteze nafasi: miche mitatu hadi mitano inatosha. Hakikisha ni mseto kweli, iache ijichavushe, chukua mbegu.

Usikatishwe tamaa na tunda la F1. Uzito wa tunda la nyanya hauangukii katikati ya wazazi kwa kujumlisha na kugawanya kwa mbili. Huelekea upande wa mdogo. Ukichanganya nyanya ya gramu 30 na ya gramu 270, usitarajie gramu 150. Tarajia kama 90, ambayo ni kipeuo cha pili cha zao la 30 na 270. Kwa sababu hiyo mara nyingi nashauri, pale tofauti ya ukubwa inapokuwa kubwa namna hii, F1 ichavushwe tena na mzazi mwenye tunda kubwa kabla ya kuendelea. Watoto wa mseto huo wa kurudia watakuwa na robo tatu za urithi wake kwa wastani, na robo ya yule anayewahi. Utapata tunda kubwa kwa urahisi zaidi, lakini jeni za kuwahi zilizo fichu hazitajionyesha mpaka mimea hiyo ijichavushe tena kizazi kimoja. Panga muda wako hivyo.

HATUA YA NNE: KIZAZI CHA PILI, NDIPO KAZI ILIPO

Kwenye F2 kila kitu hutawanyika. Mirefu, mifupi, inayowahi, inayochelewa, tunda duara, tunda refu. Ndiyo sababu idadi ya mimea ni muhimu hapa kuliko kwenye kizazi kingine chochote.

Hesabu zake ni za Mendel, aliyechapisha majaribio yake ya njegere mwaka 1866. Sifa inayotegemea jeni moja fichu huonekana kwenye mmea mmoja kati ya minne. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kupata angalau mmoja, unahitaji mimea 11. Ukitaka kwa pamoja sifa mbili fichu, kila moja ikirithiwa kivyake, ni mmoja kati ya 16, na unahitaji mimea 47. Ukitaka tatu, ni mmoja kati ya 64, na idadi hupanda hadi 191. Mwenye bustani ndogo asiogope namba hizi, ila achague vita vyake. Sifa mbili kwa mara moja zinatosha. Nyingine zitakuja kwa kuchagua taratibu vizazi vya mbele, maana idadi ya majani na ukubwa wa tunda havitegemei jeni moja bali nyingi zenye mchango mdogomdogo.

Sia mbegu 100 hivi, zote siku moja, kwenye trei zinazofanana, udongo uleule. Kusisitiza huku kuna sababu. Mche wa nyanya huamua mapema sana, majani yake ya mbegu yakiwa ndiyo kwanza yamekunjuka, ni baada ya majani mangapi utachanua. Baridi na mwanga mwingi wakati huo hupunguza idadi ya majani, na joto lenye mwanga hafifu huiongeza. Trei iliyokaa dirishani na iliyokaa ukutani zitakupa tofauti ambayo haimo kwenye mbegu kabisa. Zungusha trei kila siku mbili tatu.

Vilevile, mche uliobanwa na mizizi kwenye kikopo kidogo, au ulionyimwa maji na chakula, mara nyingi huharakisha ua kwa kuhangaika. Mmea kama huo unakudanganya. Pandikiza yote kwa umri mmoja, kwa nafasi moja, na mimea ya pembezoni mwa shamba usiihesabu, kwa kuwa hupata mwanga na nafasi kuliko ya katikati.

Miche ikionyesha kichala cha kwanza, weka alama kwenye ile yenye majani machache kabla yake. Ng'oa ile dhaifu na ile iliyochelewa dhahiri, ukibaki na nusu. Iliyobaki iandikie mambo manne: majani kabla ya ua, tarehe ya ua la kwanza, tarehe ya tunda la kwanza lililoiva, na uzito wa wastani wa matunda matano. Kisha onja. Kila mmea, kabla hujaamua.

Kuonja ndiko kunakookoa aina nyingi. Mmea unaowahi kupita kiasi huwa na majani machache ya kulisha matunda mengi, na sukari hutoka kwenye majani. Nyanya yake huiva mapema ikiwa na maji mengi na ladha hafifu, na matunda yasiyofunikwa na majani huunguzwa na jua mabegani. Ningechukua mmea unaochelewa siku nne kuliko wa kwanza kabisa, kama huo wa pili una majani ya kutosha na tunda linaloliwa kwa furaha.

Chagua mimea 8 hadi 10, na mbegu za kila mmoja ziweke kwenye bahasha yake. Usizichanganye kamwe. Ukizichanganya umepoteza habari yote uliyoihangaikia.

Kuhusu imani moja iliyoenea: kwamba ukichukua mbegu kwenye tunda la kwanza kuiva, utapata aina inayowahi. Kwenye mmea uliojichavusha, mbegu za tunda la kwanza na za tunda la mwisho zinatoka kwenye urithi uleule. Linalopaswa kuchaguliwa ni mmea, wala si tunda. Ukichukua tunda la kwanza la shamba zima, umefanya vema kwa sababu tu umeuchagua mmea uliowahi. Ukichukua tunda la kwanza la kila mmea, hujachagua kitu.

HATUA YA TANO: LINGANISHA FAMILIA

Kizazi cha tatu ndicho kinachosema ukweli. Mmea mmoja wa F2 unaweza kuwa uliwahi kwa bahati: shimo lake lilikuwa na samadi zaidi, au jirani yake alikufa akamwachia mwanga. Watoto wake wanane wakipandwa pamoja na wakawahi wote au karibu wote, hiyo si bahati tena.

Kwa kila mmea uliouchagua, panda miche 8; hiyo ndiyo familia yake. Igawe mara mbili: minne sehemu moja ya shamba, minne sehemu nyingine, na mpangilio wa familia uupige kura kila upande. Weka pia miche minne ya kila mzazi kila upande iwe kipimo. Bila wazazi hao, ukiona familia imewahi huwezi kujua kama ni mbegu au ni msimu wenye joto.

Tazama mambo mawili kwa kila familia: wastani wake, na tofauti kati ya mimea yake. Familia yenye wastani mzuri na mimea inayofanana inakaribia kutulia. Familia yenye wastani wa kati lakini yenye mmea mmoja bora kupita wote bado ina hazina ndani yake, na inastahili kuendelezwa. Bakiza familia tatu au nne, na ndani ya kila moja mimea miwili mitatu bora. Familia mbaya iache yote, hata kama ina mmea mmoja unaokuvutia. Hapo moyo huuma, lakini kanuni hii imewasaidia wazalishaji kwa muda mrefu.

HATUA YA SITA: TULIZA MBEGU

Kila mmea unapojichavusha, sehemu ya jeni zilizochanganyika hupungua kwa nusu. F2 ina asilimia 50, F3 ina 25, F4 ina 12.5, F5 ina 6.25, F6 ina 3.125. Ukifika F6 au F7, mimea itafanana kiasi cha kuitwa aina.

Kati ya F4 na F6 kazi ni ileile, kwa kiwango kidogo zaidi. Mwenye nafasi finyu anaweza kutumia njia ya mbegu moja moja: kutoka kila mmea wa F2 achukue mbegu moja tu kwenda F3, kutoka huo moja tena kwenda F4, bila kuchagua lolote hadi F5, kisha ndipo apande mistari mingi (kila mstari ni uzao wa mmea mmoja) na kuchagua kwa mara moja. Hupoteza nafasi ya kuchagua mapema, hupata mwendo. Mimea inaweza kukaa kwenye vyungu vidogo, kwani unachohitaji kwa kila mmoja ni tunda moja tu.

Mwendo unaweza kuongezwa kwa njia nyingine pia. Tunda likianza tu kubadili rangi, kwa kawaida mbegu zake zimekomaa vya kutosha kuota, kwa hiyo huna haja ya kungoja liwe jekundu kabisa. Taa za kuongeza mchana hadi saa 16 au 18 husukuma ukuaji mbele. Usiziwashe saa 24: nyanya ni miongoni mwa mimea inayodhurika na mwanga usiokatika, majani hupauka kisha hufa. Kwa mpangilio huu vizazi vitatu kwa mwaka vinawezekana pale joto linaporuhusu. Tunda litakalokupa mbegu za mwisho za kuhifadhi, hata hivyo, liache liive kabisa.

Katika vizazi vyote hivi linda maua yasichanganyike. Nyanya nyingi za kisasa zina stigma iliyojificha ndani ya bomba, na nyuki hawawezi kufanya mengi. Baadhi ya aina za kale, hasa zenye jani la kiazi, zina stigma inayochungulia nje. Hizo zifunike vichala kwa kitambaa cha wavu kabla ya kuchanua, utikise kichala kila siku, na uondoe wavu matunda yakishika. Funga uzi kwenye matunda yaliyokuwa ndani.

HATUA YA SABA: TOA, SAFISHA NA HIFADHI MBEGU

Kamua mbegu pamoja na utelezi wake kwenye chombo, acha zichache siku mbili hadi tatu kwenye joto la kawaida, ukikoroga mara moja kwa siku. Utelezi huo una vitu vinavyozuia kuota, na kuchacha huuondoa. Usizidishe siku, zitaanza kuota humohumo. Mimina maji, koroga, mwaga zinazoelea, suuza mpaka maji yawe safi. Tandaza kwenye sahani au kitambaa laini kivulini penye upepo, si kwenye karatasi, kwa kuwa zitagandamana nayo.

Vimelea vya bakteria husafiri na mbegu. Kuziloweka kwenye maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25, kwa kutumia kipimajoto na si kwa kukisia, huua vingi vyake. Zidisha nyuzi chache tu na utaua mbegu zenyewe, kwa hiyo jaribu kwanza kwa mbegu usizozihitaji. Mmea wenye dalili za virusi vya batobato usichukue mbegu zake hata kama ndio uliowahi kuliko wote, na nawa mikono kwa sabuni unapotoka mmea mmoja kwenda mwingine wakati wa kupogoa na kuchavusha.

Zikikauka hadi kuvunjika badala ya kupinda, zifunge kwenye kichupa kisichoingiza hewa, mahali pa baridi na giza. Hudumu miaka minne au zaidi bila taabu. Kila kizazi bakiza bahasha ya akiba, hata ya familia ulizoziacha. Siku utakapogundua kwamba mstari uliouendeleza huoza kitako msimu wa ukame, akiba ya F3 itakurudisha nyuma vizazi vitatu badala ya kukurudisha mwanzo.

Mstari wa F6 ulioupenda usiupe jina bado. Upande misimu miwili inayotofautiana, wa joto na wa baridi, ukiwa na wazazi wake wote wawili pembeni, na ugawie wakulima wengine wawili watatu wenye udongo tofauti na wako. Waombe wakuandikie tarehe tatu: ya kusia, ya ua la kwanza, ya tunda la kwanza. Mstari huo ukiendelea kumtangulia mzazi wa tunda kubwa kila mahali, kwa kiasi kinachokaribiana, basi una aina mpya. Tangu hapo chukua mbegu kila mara kwenye mimea isiyopungua kumi, ung'oe yoyote iliyotofautiana na wenzake kabla haijachanua, na daftari la majani kabla ya kichala cha kwanza liendelee kuandikwa, kwa kuwa aina isiyochungwa hurudi nyuma polepole bila mtu kuona.